Bega la Kulia, Jicho la Kushoto

Machimboni, Utange
Alhamisi, 31 Julai 2025

Mama yangu Bi Mwanatatu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na kabla hujauliza: ndiyo, nakula. Tunapewa ugali na sukumawiki siku nne kwa wiki, na Kocha Kyalo anaamini kabisa kwamba hicho ni chakula. Yeye ni Mkamba wa Kitui, askari mstaafu wa wanyama pori, na hana habari kwamba duniani kuna nazi.

Simu zetu alizichukua siku ya kwanza, zote sita, akazifungia. Anasema simu huchosha jicho na kichwa kwa pamoja, na mlengaji hana mtaji mwingine. Tutarudishiwa baada ya mchujo wa tarehe sita Septemba. Kwa hivyo ni barua, mama, kama zamani zenu. Bramwel, dereva wa klabu, ndiye posta yetu. Kwa vile anakaa nyuma ya nyumba yetu hapo Mtongwe, atakuletea yangu kila Ijumaa jioni na kunirudishia yako Jumatatu asubuhi.

Najua umewaambia majirani nimekwenda "kozi". Sawa, lakini wewe mwenyewe ujue ninachofanya. Unasimama na bunduki ya marisau begani, unapiga kelele "Vuta!", na mashine iliyo handakini mbele yako inarusha kisahani cha udongo, kikubwa kuliko kiganja kidogo tu. Hujui kama kitakwenda kushoto, kulia au katikati. Kikishatoka una muda wa kupepesa jicho mara moja, ukivunje kikiwa hewani. Visahani ishirini na tano ndiyo raundi moja. Miaka miwili nilikuwa mle handakini nikiipakia mashine kwa ajili ya wateja, mpaka siku ile walipocheka wakanipa bunduki nijaribu. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba hapa tumo wanawake sita, na nafasi za kwenda mashindano ya Kigali ni tatu. Naitaka moja, mama. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Sasa jambo lililonifanya niandike mapema. Juzi, tulipokuwa tukizungumza mengine kabisa, Kocha alinirushia ghafla ganda tupu la risasi. Nikadaka. Akanirushia la pili na la tatu. Kisha akauliza, "Swabra, umedaka na mkono gani?" Nikatazama. Wa kushoto, yote matatu. Akanipima macho pia, na la kushoto ndilo linalotawala. Mimi bunduki naiweka bega la kulia, na jicho la kushoto naliziba kwa selotepu kwenye miwani, na hivyo hivyo napata kumi na nane, kumi na tisa. Anasema mwilini mwangu mna watu wawili wanaogombania usukani. Anataka nihamie bega la kushoto sasa hivi, wiki tano kabla ya mchujo!

Nilimwambia mimi si wa kushoto wala sijawahi kuwa. Naandika kwa kulia, nala kwa kulia, nafagia kwa kulia. Lakini tangu siku ile kuna kitu kinanijia: kitambaa chekundu kimezunguka kifundo changu cha mkono, kimefungwa kiunoni, nami nimekaa barazani. Sijui kama nilikiota au kilitokea. Mama, niliwahi kufungwa mkono? Nijibu, maana nitafanya utakavyosema wewe.

Mwanao,
Swabra Faki

*

Mtongwe, Likoni
Jumapili, 3 Agosti 2025

Mwanangu Swabra,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka petroli. Ugali siku nne! Nimempa Bramwel mkebe wa mahamri na mbaazi za nazi kwenye chupa ya chai. Ukiona mahamri yamepungua, muulize yeye, ana macho ya njaa yule.

Baba yako yuko mzima. Alfajiri anakwenda Changamwe kwenye maghala yake, akirudi anakula, akishakula analalamikia goti. Mimi nina arusi mbili mwezi huu, moja ya watu mia nne, kwa hivyo usinione kimya ukadhani nimelala.

Na hiyo "kozi" iache iwe kozi. Nikiwaambia watu wa hapa kwamba binti yangu yuko Utange anapiga bunduki, watakuja kunipa pole.

Kuhusu mkono. Ndiyo, ulifungwa. Ulikuwa na miaka minne, ukautia mkono kwenye sufuria ya uji. Nikakupaka asali, nikaufunga kwa kipande cha leso usije ukajikuna. Siku chache tu, kisha nikakufungua. Hakuna zaidi ya hapo. Wewe ni wa kulia kama watu wote wa nyumba hii, na huyo mwalimu wako asikuvuruge. Shika bunduki ulivyozoea. Mtu habadilishi mkono kama anabadilisha viatu.

Soma Bismillahi kabla ya kufyatua, na funika kichwa, jua la huko ni kali.

Mimi mama yako,
Mwanatatu

*

Machimboni, Utange
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Samahani Ijumaa iliyopita sikuandika. Nilikuwa sina la kuandika ambalo ningependa ulisome.

Nilifanya ulivyosema. Nilimwambia Kocha mama yangu amekataa, mimi ni wa kulia. Akanitazama, akasema "Sawa," akaenda zake. Siku ile nikapata kumi na nane. Kesho yake kumi na sita. Jana kumi na tatu.

Sijui nikuelezeje kinachotokea. Nasema "Vuta!", kisahani kinatoka, nakiona vizuri, naona hata ukingo wake wa rangi ya chungwa, na kidole hakitembei. Kimeganda kwenye triga. Kisahani kinakwenda zake kinaanguka nyasini kizima, nami nimesimama na bunduki iliyojaa, na nyuma yangu watu watano wanajifanya hawajaona. Kocha anasema wapo walengaji wakubwa iliowapata hali hii wakaacha kabisa. Anasema kati ya "Vuta!" na mlio wa bunduki hamna hata sekunde nzima, na humo ndimo mtu anapoingia na shida zake zote. Kinachotakiwa ni jicho kukitazama kisahani, si mtutu, na kichwa kunyamaza. Changu hakinyamazi. Kinahesabu. Kinasema umepiga tisa, umekosa vinne, mwenzangu Carolyne amepiga kumi na kimoja. Juzi kilianza kuhesabu hata pumzi za Kafedha aliyesimama jirani yangu.

Na kuna lingine. Nimeutafuta mkono wa kushoto mzima, kwa jua na kwa tochi, na sioni kovu la uji. Hata alama. Kisha nikaisoma tena barua yako na nikaona hukusema wallahi. Wewe husema wallahi hata ukitaja bei ya nyanya.

Tena ile barua imefutikafutika wino. Mistari mizima imechafuka, pale penye habari za baba na pale penye mkono. Mama, ulikuwa ukilia? Nimemwonyesha Dhahabu, tunalala chumba kimoja, naye amesema haya ni machozi, hata kwao Kilifi barua za msiba zilikuwa hivi. Baba ana nini? Goti gani hilo linalotajwa kila siku? Kama kuna jambo mnanificha ili nisivurugike, basi jueni nimeshavurugika. Ningependa nivurugike na kitu ninachokijua.

Swabra

*

Mtongwe, Likoni
Jumapili, 17 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba. Silii. Sijalia tangu alipofariki bibi yako Mweri, na hata siku ile nililia kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Baba yako jana amekula samaki wawili na cha juu yake. Wallahi, haya, umefurahi? Mzima kabisa. Kalamu ni mbovu, hiyo tu, ni ya kichina, inatoa wino kama inakojoa.

Hilo la kidole mimi nalijua ni nini. Ni jicho la watu. Wanawake sita, nafasi tatu, wewe ulitoka handakini ukawapita wateja, halafu ushangae kidole kikiganda? Nimekwenda kwa maalimu, ameandika kombe, aya kwa zafarani, liko ndani ya chupa ya maji aliyo nayo Bramwel. Kunywa siku tatu asubuhi, na usimwambie huyo Dhahabu, maana humjui.

Kovu la mtoto hufutika. Mbona wewe unachimba sana? Lenga visahani vyako.

Mama yako

*

Machimboni, Utange
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Nimelinywa kombe. Leo nimepata kumi na moja.

Barua yako ya pili imechafuka kuliko ya kwanza, na kalamu ni nyingine, hii ni ya bluu. Kwa hivyo usiniambie habari za kalamu. Asubuhi nilikwenda kwa Kocha kuomba ruhusa nije nyumbani siku mbili nione kwa macho yangu. Alikataa. Nikamwonyesha barua, nikamwambia tazama mwenyewe, mama yangu analia na hasemi sababu. Alivaa miwani. Aliziinua barua zote mbili zikaelekea dirishani, akazilaza, akaziinua tena. Kisha akauliza, "Mama yako anafanya kazi gani?" Nikasema mpishi wa arusi. Akasema, "Aha." Akanirudishia na kuniambia nikae wiki moja zaidi.

Aha maana yake nini, mama? Nimezungukwa na watu wanaojua kitu.

Swabra

*

Machimboni, Utange
Ijumaa, 22 Agosti 2025

Kwa Bi Mwanatatu,

Habari za nyumbani. Mimi ni Kyalo, mwalimu wa Swabra. Si mtu wa maneno mengi, utanisamehe.

Swabra ameniletea barua zako mbili. Sikuzisoma. Alinionyesha wino. Anaamini unalia unapoandika, na imani hiyo anakwenda nayo uwanjani kila siku.

Chozi likianguka juu ya wino huacha duara. Wino wako haukuangukiwa na kitu. Umekokotwa kutoka kushoto kwenda kulia, kila mstari, na ukingo wa kiganja kinachofuata kalamu. Anayeandika kwa mkono wa kulia, kiganja chake kiko upande wa karatasi safi, hakigusi alichokwisha kuandika. Nalijua hili kwa sababu mimi ni mmoja wenu. Itazame barua hii. Mwalimu wangu wa darasa la pili alinichapa vidole muhula mzima, akachoka yeye.

Sijamwambia mwanao. Hilo si langu kusema. Pia siwezi kukuahidi kwamba atapata nafasi hata akihama bega, muda umekwenda. Lakini sasa hivi ananiuliza mimi, anakuuliza wewe, na anauuliza mkono wake mwenyewe, na anapewa majibu matatu. Akisema "Vuta!" hajui ni nani atakayefyatua. Msichana huyu ana jicho ambalo sijaliona miaka kumi na miwili. Anaanza kuamini kwamba ana wazimu.

Nakuomba umwandikie.

Kyalo wa Muli

*

Mtongwe, Likoni
Jumapili, 24 Agosti 2025

Bwana Kyalo,

Salamu. Wewe mimi hunijui, nami sikujui, na sikukutuma uchunguze wino wangu. Nilikukabidhi mtoto umfundishe kulenga. Kama yamekushinda sema.

Mimi nimepikia arusi Likoni nzima kwa miaka ishirini. Watu wananipa arusi za watoto wao kwa sababu wananiamini na mkono wangu. Unajua maana ya hilo, au huko Kitui mnakula tu? Bramwel ni jirani yangu, na mkewe ana mdomo. Neno hilo likifika kwake siku ya Ijumaa, Jumamosi sina kazi.

Umesema hujamwambia. Basi endelea hivyo hivyo. Na usiniandikie tena.

Mwanatatu binti Shee

*

Machimboni, Utange
Alhamisi, 28 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Jumatatu Bramwel alishuka na bahasha moja. Nilikimbia kuipokea, akaipitisha juu ya kichwa changu akampa Kocha. Mwandiko ni wako. Mimi sikupata hata mstari.

Tangu lini wewe na Kocha mnaandikiana? Nimemuuliza, amesema niulize nyumbani. Nimemuuliza Bramwel, amesema yeye ni dereva. Dhahabu anasema labda Kocha anataka kuniposa na wewe umemtukana. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana nikatazama nikaona hakuna maelezo mengine yaliyo afadhali. Au umemwomba anirudishe nyumbani? Au ni wewe unayeumwa, si baba?

Kumi, mama. Juzi nilipata kumi. Nilipokuwa handakini nikipakia mashine nilikuwa napiga zaidi ya hapo kwa bunduki ya kuazima na malapa miguuni. Leo nilisimama kituo cha tatu, nikasema "Vuta!", na sauti iliyotoka sikuijua. Nilifikiri ni mtu mwingine amesema. Kisahani kilitoka na sikukipiga kwa sababu nilidhani si changu.

Mchujo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Sikuombi unisaidie kulenga. Nakuomba uniambie ni kitu gani kinachoendelea, hata kama ni kibaya. Uniandikie mimi, si yeye.

Swabra

*

Mtongwe, Likoni
Jumapili, 31 Agosti 2025

Mwanangu Swabra,

Marahaba, mama. Kaa mahali peke yako usome.

Hapakuwa na uji. Hukuungua. Nilikufunga mkono wa kushoto kwa leso nyekundu, nikaufunga kiunoni, kila siku ukiamka mpaka ukilala, mwaka mzima. Ulikuwa na miaka minne. Wallahi hiyo ndiyo kweli.

Nami silii nikiandika. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana wino unachafuka. Mwalimu wako aliliona hilo kwa kutazama tu, ndilo aliloniandikia, nami nikamjibu kwa matusi kwa sababu nilishikwa na hofu. Baba yako ameoa mwanamke wa mkono wa kushoto na hajui. Miaka ishirini na saba.

Nilikuja nyumba hii nina miaka kumi na tisa. Siku ya tatu bibi yako Mweri akaniambia nipike pilau, wageni wanakuja. Nikapika. Nilikuwa napakua, nimesahau nafsi yangu, upawa uko mkono wa kushoto, naye akaingia. Alilichukua sufuria akaenda kulimwaga lote kwa kuku, mbele ya mawifi zangu, kisha akapika upya mwenyewe. Wageni walikula saa kumi. Kuanzia siku hiyo sijapika kwa mkono huo mbele ya mtu. Nikiwa na arusi, vitunguu na nyama nakata peke yangu, mlango umefungwa, kwa kushoto, haraka. Mbele za watu nakoroga kwa kulia, polepole, na watu husema Bi Mwanatatu hupika kwa utulivu. Wengine husema nina talasimu ndiyo maana nawatoa jikoni. Nimewaacha waseme. Hata wewe nilikuwa nikikutuma dukani.

Kisha nikakuona wewe unaushika mkate kwa kushoto, unachora mchangani kwa kushoto. Nikaona kuku wanakula pilau langu. Dini ilinitaka nile kwa kulia, na kwa kulia ndivyo ninavyokula, hilo sina ugomvi nalo. Lakini dini haikuniambia nikufunge. Hilo nilijiambia mwenyewe, nikasingizia dini.

Siku niliyokufungua, uliutazama ule mkono kama haukuwa wako. Baadaye ukaniletea ile leso, ukainyosha, ukaniambia, "Mama, nifunge." Ulikuwa umeshasahau utaufanyia nini. Nilicheka nikawaambia watu mtoto amekuwa na adabu.

Sijui kama nilikuokoa au nilikuharibu. Nimekaa na swali hili tangu barua yako ya kwanza, na nilikudanganya kwa sababu ulisema utafanya nitakavyosema. Sasa sisemi. Weka bunduki unapotaka. Nisamehe, mwanangu.

Mama yako

*

Machimboni, Utange
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Simu nilirudishiwa jana saa nane. Ninayo hapa, imejaa chaji, na bado nakuandikia. Nikikupigia nitakusikia ukilia, au nitakusikia ukijifanya huna neno, na vyote viwili sitaviweza.

Barua yako niliisomea mle handakini, nyuma ya mashine, kwa kuwa ndiko ninakokujua. Niliisoma mara nne. Kisha nikatoka nikapiga raundi moja kwa bega la kulia na nikapata kumi na tisa. Kidole hakikuganda hata mara moja. Kocha alikuna kichwa. Alitarajia nitupe mkono wa kulia baharini, na sasa ndio huo umefufuka. Jioni nikajaribu kushoto, nikapata tisa, na bega likavimba. Jumatano kulia kumi na saba, kushoto kumi na mbili. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Mimi siamui, na mama yako haamui." Nilimchukia kwa siku nzima.

Kwa hivyo jana nilianza kwa kulia. Visahani mia moja, raundi nne. Ya kwanza kumi na nane, ya pili kumi na saba, nikawa wa tatu nikiwa sawa na Carolyne. Ningebaki hapo tu, mama, ningekuwa nafunga sanduku la Kigali. Raundi ya tatu, kisahani cha sita, nikasema "Vuta!" na kidole kikaganda. Cha saba vile vile. Cha nane. Nikasikia mtu nyuma amevuta pumzi. Nikabandua selotepu kwenye miwani, nikahamisha bunduki bega la kushoto. Refa akaja akauliza kama nimeumia. Nikasema hapana, nimehama.

Raundi ile niliimaliza na kumi na tatu. Ya mwisho niliipiga yote kwa kushoto, nikapata kumi na sita. Jumla sitini na nne. Dhahabu themanini na moja, Kafedha sabini na tano, Carolyne sitini na saba. Nafasi ya tatu imenipita kwa visahani vitatu, na vitatu ndivyo nilivyoviacha vikaanguka vizima kabla ya kuhama. Kama ningehama mapema? Kama nisingehama kabisa? Kama ungenijibu kweli tarehe tatu Agosti? Nimepiga hesabu hizi tangu jana na kila njia inanitoa mahali pengine. Sijui, mama. Sitajua.

Ninachokijua ni kidogo. Katika ile raundi ya mwisho nilikosa visahani tisa, na kila nilipokosa nilijua nimekosa wapi: juu yake, nyuma yake, nimechelewa. Hakukuwa na mtu mwingine mle ndani wa kumuuliza. Nilikuwa nalia na ninalenga kwa wakati mmoja, na kichwa kimya kabisa. Kocha anataka nirudi Januari, nianze moja kwa bega la kushoto. Nimekubali.

Nina hasira nawe. Nimejaribu kuandika sentensi nyingine mahali hapa na hazikukaa. Nilitaka nafasi ile kuliko kitu chochote, na umeniingiza uwanjani wiki tano na mkono ambao wewe uliujua na mimi sikuujua. Nina hasira pia na kuku wale, na bibi Mweri, Mungu amrehemu. Nimekuwazia ukiwa na miaka kumi na tisa, umesimama na upawa, mawifi wanatazama, na nikalia kwa ajili yako zaidi ya nilivyolia kwa ajili ya Kigali. Vyote viwili vimo ndani yangu na havisikilizani.

Usiniombe msamaha tena kwa barua. Bramwel atanileta Ijumaa. Najua Jumamosi una arusi, na najua Ijumaa jioni ndiyo unakata vitunguu. Nina miaka ishirini na tatu, na sijawahi kumwona mama yangu akipika. Usinitume dukani.

Mwanao,
Swabra